Je, Wajua? Nzi Mweusi wa Mito ya Nyeri

Je, wajua kwamba trauti si samaki wa asili wa Nyeri? Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskochi, na samaki hao wakaanzia Mto Gura, unaoshuka kutoka Aberdare. Leo mvuvi aliye Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, ana mito baridi huku na huku: ya Aberdare na ya Mlima Kenya.

Chambo chenye sifa hapa ni Kenya Bug, nzi bandia mweusi tii anayefungwa kwa nyuzi na unyoya juu ya ndoana. Huigiza wadudu wachanga waishio chini ya mawe. Na weusi huo una kazi: trauti akitazama juu, umbo jeusi hujitokeza kwenye mwanga wa anga, hata masika yakichafua maji. Maji yakiwa maangavu, tumia nzi mdogo zaidi. Ukipendelea ndoana yenye kichwa kizito, chagua ile ambayo ncha yake hutazama juu, isinase chini. Mawe ya mito hii hula chambo kingi kuliko samaki wenyewe.