Mkono Unaotetemeka na Saini ya Mwanachama

Wakati wa malipo ya kahawa au ufuta, makatibu wa vyama vya msingi mkoani Songwe, kuanzia Ileje na Mbozi hadi Momba na Tunduma, waweza kukutana na mwanachama mzee ambaye saini yake imenywea, wala hailingani na ile iliyomo daftarini. Si kila saini ya namna hiyo imeghushiwa. Yawezekana mwenyewe anaugua maradhi ya Parkinson, yaliyoelezwa mwaka 1817 na daktari Mwingereza, James Parkinson.

Ndani ya ubongo zimo seli zitengenezazo kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia kutawala mwendo wa viungo. Katika maradhi haya seli hizo hufa polepole. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, viungo hukakamaa, hatua hufupika na maandishi huwa madogo. Huo si ulevi wala kurogwa, na aghalabu akili ya mgonjwa hubaki timamu kwa miaka mingi.

Dopamini yenyewe haiwezi kupenya kutoka katika damu hadi ubongoni. Dawa iitwayo levodopa hupenya, kisha hugeuzwa kuwa dopamini. Mwaka 1967, huko Marekani, daktari George Cotzias alidhihirisha faida yake kubwa.

Hata hivyo, kadiri seli zinavyopungua, ubongo hushindwa kuweka akiba. Huwa kama chama kilichopoteza ghala: kila gunia lifikapo hapana budi litumike papo hapo. Dawa ikijaa katika damu, mwili hujipinda na kuchezacheza bila hiari. Ikipungua, hukakamaa tena. Ndiyo sababu mwanachama huweza kutia saini vizuri saa nne asubuhi, na saa nane mchana akashindwa kushika kalamu.

Jamaa waonapo mwili ukijipinda, huenda wakamnyang'anya mgonjwa vidonge. Hilo ni kosa la hatari. Kuacha dawa ghafla kwaweza kuleta ukakamavu mkali na homa, hata kifo. Dawa ni ya kurekebishwa kipimo na daktari. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na Italia, uliotangazwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa mijongeo hiyo hufuatana na umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi, wala si wingi wa miaka ya kumeza dawa. Hivyo hakuna haja ya kuchelewesha matibabu kwa hofu.

Mbegu za upupu nazo zina levodopa ya asili. Lakini kipimo chake hakijulikani kwa kutazama, na kuzichanganya na vidonge kwaweza kuzidisha mijongeo.

Wagonjwa wengi hawajitambui. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, uchunguzi wa nyumba kwa nyumba uliotangazwa mwaka 2008 ulikuta wagonjwa 33 kati ya watu wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamepata kuelezwa ugonjwa wao.

Yafaa basi jamaa waandike saa za kumeza dawa na saa za kujipinda au kukakamaa, wampelekee daktari maandishi hayo. Nao makatibu, kabla ya kumtuhumu mzee, wamwite kwa saa yake njema, au wapokee dole gumba mbele ya mashahidi. Jasho la mkulima lisipotee kwa sababu ya mkono uliochoka.