Mbwa Mdogo Akikataa Dawa, Usimkabe

Bibi mmoja wa kijiji ninachofanyia kazi alikuwa na watoto wawili wa mbwa. Aliwafuga ili wakikua wamlindie mbuzi wake. Matumbo yao yalikuwa makubwa, lakini mbavu zilionekana. Nilipowatazama nilijua kuwa wana minyoo.

Nilimpa bibi dawa ya maji katika chupa ndogo. Nikamwambia kiasi cha kuwapa. Kisha nikapanda baiskeli yangu, nikaenda zangu.

Siku ya tatu nilirudi. Nilimkuta bibi amekaa mlangoni na mtoto mmoja wa mbwa tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa yako imeniulia mbwa."

Niliuliza waliinyweshaje. Mjukuu wake akanionyesha. Alimshika mbwa, akamwinua pua juu, akamiminia dawa yote mara moja. Mbwa alipaliwa. Alikohoa usiku kucha, na baadaye akafa.

Dawa ilikuwa nzuri, ila ilipita njia mbaya. Iliingia mapafuni badala ya kwenda tumboni. Kosa halikuwa la yule kijana. Lilikuwa langu. Nilitoa dawa, lakini sikuonyesha namna ya kumnywesha mnyama asiyetaka. Ndiyo sababu ninaandika habari hii.

KWA NINI TUWAPE DAWA?

Watoto wa mbwa hupata minyoo kutoka kwa mama yao. Wengine huipata wakiwa bado tumboni, wengine kwa kunyonya. Kwa hiyo huanza kupewa dawa wakiwa na umri wa wiki 2. Hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wafike wiki 12.

Dawa hiyo inawalinda watoto wetu pia. Mayai ya minyoo hutoka na mavi ya mbwa na kukaa katika udongo. Mtoto hucheza chini, kisha hutia vidole mdomoni. Minyoo hiyo ikimwingia yaweza kumdhuru hata macho. Basi fukia mavi ya mbwa, na wafundishe watoto kunawa mikono kwa sabuni.

KWANZA MPIME

Kiasi cha dawa hutegemea uzito. Mtie mbwa katika kikapu, ukitundike kwenye mizani. Tuseme mbwa na kikapu ni kilo 3. Kikapu peke yake ni nusu kilo. Basi mbwa ana kilo 2 na nusu. Mwambie mtaalamu wa mifugo uzito huo, naye atakuambia kiasi cha dawa.

DAWA YA KIDONGE

Jaribu kwanza kwa chakula. Fanya matonge 3 madogo ya ugali, uyachovye katika mchuzi wa samaki au wa nyama. Ficha kidonge katika tonge la pili. Mpe la kwanza, alione tamu. Mpe la pili, na papo hapo mwonyeshe la tatu. Atameza upesi ili apate jingine. Usikitie kidonge katika bakuli lililojaa chakula. Atakula chakula na kukiacha kidonge chini.

Akikitema, mshike taya la juu kwa mkono mmoja. Mwinue kichwa kidogo. Kwa kidole cha mkono wa pili mfungue taya la chini, ukiweke kidonge nyuma kabisa juu ya ulimi. Mfunge mdomo, umpapase koo polepole. Akilamba pua, amemeza.

DAWA YA MAJI

Hapa kichwa kisiinuliwe. Kiwe sawa, kama anavyosimama mwenyewe. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Liingize pembeni, kati ya shavu na meno. Toa dawa kidogo, ngoja ameze, kisha toa nyingine. Akikohoa, mwachie ainamishe kichwa apumzike. Usiwe na haraka.

PAKA JE?

Paka ana kucha. Mzungushie kanga ya zamani mwili mzima, kichwa kibaki nje. Mmoja ashike, mwingine atoe dawa. Akishameza kidonge, mpe chakula au maji kidogo, maana kidonge kikavu huweza kukwama kooni na kumwumiza.

MAMBO YA HATARI

Usimpe paka dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumwua. Usimpe mbwa wala paka dawa ya ng'ombe au mbuzi kwa kukisia.

Tena sikilizeni vizuri. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetokwa mate mengi au asiyeweza kumeza, usimtie mkono mdomoni. Huenda ana kichaa cha mbwa. Kaa mbali naye, umwite mtaalamu wa mifugo. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Dawa ya minyoo haikingi kichaa. Kinga yake ni chanjo, na mbwa huchanjwa kila mwaka.

MBWA WA BIBI

Siku ile sikuondoka upesi. Tulimpima mbwa aliyebaki, jina lake Simba. Mjukuu alishika bomba, mimi nikakaa pembeni nikitazama. Mara ya kwanza Simba alitema. Bibi akasema, "Mngoje, mjukuu wangu. Hata wewe ulikuwa hivyo hivyo ulipougua." Kijana akangoja. Kidogo kidogo dawa ikaisha.

Simba sasa ni mkubwa. Nikifika na baiskeli yangu hunibwekea mpaka bibi atoke. Nami siku hizi sitoi chupa ya dawa kabla mwenye mnyama hajanionyesha jinsi atakavyoinywesha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini mbwa wa kwanza wa bibi alikufa?
2. Kichwa cha mbwa kiweje anapopewa dawa ya maji?
3. Ni mbwa gani usiyepaswa kumtia mkono mdomoni?
4. Je, mbwa wa nyumbani kwako alichanjwa lini?