Duara Likikosa Dhahabu

Aendaye Makongolosi kutoka Mbeya mjini hupanda kwanza. Gari huiparamia milima iliyo nyuma ya mji, ubaridi ukaingia madirishani hata abiria wakajifunika kanga na makoti, kisha njia hushuka na kuzidi kushuka mpaka nchi ya joto na miombo. Hadi Chunya ni kiasi cha kilomita 72. Kutoka hapo zimebaki 39. Siku hizi barabara ni ya lami, na safari iliyokuwa ikimtesa msafiri wakati wa mvua sasa ni ya saa chache. Lakini lami haikubadili jambo moja: wengi wanaoshuka Makongolosi wamekuja na tumaini moja tu, nalo limo chini ya ardhi.

Tumchukue kijana mmoja, ndugu msomaji, wa mfano tu, kwa maana walio kama yeye ni wengi. Ametoka Rungwe, au Makete, au Mufindi. Nyumbani ameacha mama, pengine mke na mtoto mchanga, na ahadi kwamba ikifika Krismasi nyumba itakuwa imeezekwa kwa bati. Anapokelewa katika duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kwa masharti yasiyoandikwa popote lakini yanayojulikana na kila mtu. Chakula atapewa, mshahara hakuna. Mwamba ukitoa, mifuko ya mawe itagawanywa: mwenye leseni fungu lake, mwenye duara fungu lake, wachimbaji fungu lao. Mwamba usipotoa, hakuna wa kumlaumu. Mawe hupelekwa kwenye karasha yakasagwa, unga ukaoshwa, zebaki (sumu ambayo wengi bado huishika kwa mikono mitupu) ikazikamata chembe zilizomo, na mwisho wa yote hubaki kitu kidogo kiganjani. Au hakibaki kitu.

Mwezi wa kwanza huwa wa mzaha. Mwezi wa tatu mzaha umekwisha. Ufikapo wa sita, simu ya nyumbani inalia naye anaitazama tu mpaka inyamaze. Hapo ndipo kukata tamaa kunapoanza, nako hakuanzi kwa kilio bali kwa kunyamaza. Aibu humfunga mtu kuliko njaa. Nauli ya kurudia anaweza kuikopa. Uso wa kuingia nao kwa mama yake haukopeki.

Tena kuna jambo ambalo mgeni halioni upesi. Machimboni mtu hana jina. Huyu ni Dogo, yule ni Mrefu, aliyetoka Iringa ni Mnyalu, basi imetosha. Wanakula sufuria moja na kulala turubai moja, lakini mmoja wao akizidiwa na homa au kuangukiwa na udongo, ndipo wenzake wanapoanza kuulizana: hivi huyu anaitwa nani, na kwao hasa ni wapi?

Nchi hii imezoea kuinuliwa na kuangushwa. Dhahabu ya Lupa ilianza kutafutwa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 watu walimiminika: Wazungu wenye vibali, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi wa Kiafrika wenye sururu. Kisha utajiri ukapungua. Mgodi mkubwa wa Saza ulifungwa mwaka 1956, na mji wa Chunya, uliokuwa umechangamka, ukabakiwa na magofu. Leo dhahabu inanunuliwa tena, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko lake rasmi la madini. Baba alifukiwa na tamaa ya Lupa, mwana akaokota sururu ile ile.

Wengi wa waliokuja enzi hizo walitoka Unyakyusa na nchi jirani, na baadhi yao walibeba katika mizigo yao kitu kingine zaidi ya sururu, yaani imani waliyoipokea nyumbani. Imani hiyo ilikuwa imekwisha kupimwa.

Wamisionari wa Kimoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Walikuja wakati ule ule bendera ya mkoloni ilipokuwa ikipandishwa, na si haki kulisahau hilo. Lakini ninalotaka kulitazama hapa ni jambo la mwaka 1916. Mwezi Mei mwaka huo majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka Nyasa, ambayo leo ni Malawi, na wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kuondolewa. Kwa Mkristo wa Rungwe ilikuwa kama mwisho wa dunia. Wachungaji hawapo. Vijana wanachukuliwa upagazi kubeba mizigo ya vita. Njaa ikaingia, na mwaka 1918 ikaja ile homa kuu ya mafua iliyoua watu dunia nzima. Mtu yeyote mwenye akili angetabiri kwamba kanisa lile changa lingekufa.

Halikufa. Waalimu na wazee wa Kiafrika walilishika. Waliwakusanya watu, wakawafundisha watoto, wakawazika wafu. Baadaye Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walikuja kusaidia, na wamisionari wa kwanza walirudi katikati ya miaka ya 1920. Waliyakuta makusanyiko yangali yakikutana. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, wamisionari Wajerumani wakakamatwa tena. Safari hii watu walikwisha jua la kufanya.

Waliwezaje? Nadhani jibu limo katika maisha ya mwanamke mmoja wa enzi hizo, ambaye habari zake zimehifadhiwa kwa majina matatu: Chisi, Ndjurisiye, Sichyajunga. Alizaliwa katika nchi ya Wabisa, ambayo leo ni sehemu ya Zambia. Akiwa angali mtoto alitekwa, na tangu hapo akapita mkononi mwa huyu na yule, kama mzigo. Mwishowe alifika kwa Wamoravian wa huku kusini magharibi, na huko mmisionari Elise Kootz-Kretschmer akaketi naye na kuyaandika maisha yake. Mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright aliyaleta maisha hayo tena mbele ya wasomaji, katika kitabu chake juu ya watumwa na wanawake. Misheni haikuwa pepo kwake wala kwa mwingine yeyote. Ilikuwa na ukali wake. Lakini fikiri: mtu aliyenyang'anywa kwao anaulizwa na mwenzake, wewe ni nani, ulizaliwa wapi, ilikuwaje? Naye anasikilizwa mpaka mwisho.

Hilo ndilo ninaloliona katika habari ya nabii Eliya, ambayo wahubiri wa Makongolosi wangefanya vema kuisoma mara nyingi zaidi. Eliya, shujaa wa Karmeli, alikimbilia jangwani kwa kumwogopa Yezebeli, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Hakukaripiwa. Hakuambiwa kwamba imani yake ni haba. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Akala, akalala, akaamshwa akala tena. Ndipo akaendelea na safari hadi Horebu, na huko akalalamika kwamba amebaki peke yake. Jibu alilopata ni kwamba wapo wengine elfu saba. Tena akapewa Elisha wa kuandamana naye. Chakula, usingizi, hesabu ya ndugu, na mwenzi wa njiani: dawa ilikuwa ndiyo hiyo.

Nasema hivi kwa sababu yapo mahubiri ya namna nyingine katika miji ya dhahabu. Wapo wanaomwahidi mchimbaji kwamba akitoa sadaka ya kutosha mwamba utafunguka. Maneno hayo hayatofautiani sana na ya mganga anayeuza dawa ya kuita dhahabu, na madhara yake ni yale yale: duara likikosa, kijana hujiona amenyimwa na mawe na Mungu pia. Tumaini lililofungwa kwenye gramu huporomoka pamoja na gramu hizo.

Kazi yenye maana hufanyika kimya kimya, katika jumuiya. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa nguzo ya kazi yao katika miaka ya 1970, na madhehebu mengine nayo yana vikundi vyao vya nyumba kwa nyumba. Watu kumi au kumi na watano huketi uani kwa mmoja wao. Husoma, huimba, huomba, kisha huulizana habari: nani hayupo? Hapo Mnyalu hurudishiwa jina lake la ubatizo na la ukoo. Ndugu zetu Waislamu nao hawajambo kwa hilo. Mtu asipoonekana msikitini Ijumaa mbili, ataulizwa.

Jumuiya haiwezi yote. Yuko mtu ambaye huzuni yake imekuwa ugonjwa, ule ambao waganga wa hospitali huuita sonona: halali, hali, na ameanza kusema kwamba kufa ni nafuu. Huyo asiachwe peke yake hata usiku mmoja, naye apelekwe kwa mganga wa hospitali kama apelekwavyo mwenye malaria. Kumwombea na kumpeleka havipingani. Eliya hakupewa maombi bila mkate.

Jioni, makarasha yanapopunguza kelele, utawaona akina mama wawili au watatu wakishika njia ya kwenye maturubai. Mmoja amebeba uji katika chupa ya chai. Wakifika hupiga hodi, ingawa mlango hakuna, na kumwita mtu kwa jina lake lote.