Vidonge vya zinki: usiviache siku ya tatu



Leo tuzungumzie vidonge ambavyo baadhi ya akina mama hapa Haneti hupewa zahanati, kisha vikaishia kufungwa kwenye pindo la khanga. Ni vidonge vya zinki.

Mama huleta mtoto anayeharisha, akapewa ORS pamoja na vidonge hivyo. Siku ya tatu choo kinakuwa kizito. Mama anasema, "Kapona," na vilivyobaki anavihifadhi kwa ajili ya siku nyingine. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Zinki ni nini? Ni madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo tu. Mtu mzima ana takriban gramu 2 mwilini mwake mwote. Hata hivyo, bila zinki mtoto hakui vizuri, kinga hudhoofika, vidonda huchelewa kupona na hamu ya kula hupungua. Tena mwili hauna ghala la kuyaweka akiba, hivyo lazima yapatikane katika chakula kila siku.

Mtoto akiharisha, zinki hutoka pamoja na maji. ORS hurudisha maji na chumvi. Zinki husaidia utumbo kujijenga upya na kinga kuimarika. Ndiyo maana mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walielekeza mtoto anayeharisha apewe vyote viwili, na zinki iendelee kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma. Dozi ikikamilika, hupunguza uwezekano wa mtoto kuharisha tena miezi 2 hadi 3 inayofuata. Faida hiyo ndiyo inayobaki kwenye pindo la khanga.

Wengine huacha kwa sababu mtoto anatapika. Utafiti uliofanyika Tanzania na India kwa watoto 4,500, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kuwa dozi ya miligramu 5 au 10 ilifanya kazi sawa na ile ya 20, na kutapika kukapungua. Kwa hiyo usikisie wala kuongeza dozi. Fuata ulivyoelekezwa, na akitapika mweleze mhudumu. Kidonge huyeyushwa kwenye kijiko kwa maji safi au maziwa ya mama.

Je, chakula chetu? Uwele na mtama vina zinki, lakini pia vina fitati, kitu kinachoishika zinki isifyonzwe. Miaka ya 1960, Dkt. Ananda Prasad alieleza habari za vijana wa Iran na Misri waliodumaa huku wakitegemea zaidi mkate wa ngano. Ugali wa uwele na mlenda tusiuache. Tuuongezee dagaa, nyama, maziwa, kunde au karanga. Kuloweka nafaka, kuiotesha kimea au kuchachusha uji hupunguza fitati.

Mwisho, zinki si badala ya usafi wala ORS. Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kumlisha mtoto, na chemsha maji ya kunywa. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, au mtoto hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.