Kutafuta Kasoro na Vipuri vya Kipakizi Kikuukuu

Kipakizi kidogo kinachogeuka kwa kuburuza magurudumu kilianzia Marekani. Mwaka 1957 ndugu wawili mafundi, Louis na Cyril Keller wa Rothsay, jimbo la Minnesota, walimuundia mfugaji wa batamzinga mtambo wa magurudumu matatu wa kuzolea samadi bandani. Mwaka 1960 kampuni ya Melroe ilitoa M-400, wenye magurudumu manne. Magurudumu hayo hayapindi kama ya gari. Yale ya upande mmoja huzunguka pamoja. Upande mmoja ukizidi mwingine kasi, mtambo hugeuka.

Mitambo ya namna hii huweza kudumu hata baada ya kiwanda kuacha kutoa vipuri vyake. Hapo mwenyewe huenda akanunua pampu ya bei kubwa, kumbe kilichoharibika ni sili ndogo tu. Kinga ya hasara hiyo ni kufuata kanuni za fizikia.

Mikono ya kipakizi huinuliwa na mafuta yanayosukumwa na pampu hadi ndani ya silinda. Kani ni kanieneo mara eneo. Pistoni yenye eneo la sentimeta za mraba 20, ikipata kanieneo ya newtoni 1,000 kwa kila sentimeta ya mraba, hutoa kani ya newtoni 20,000, yaani karibu uzito wa tani 2. Kanieneo ikipungua kwa nusu, kani nayo hupungua kwa nusu.

Ikiwa mikono ni dhaifu lakini beleshi linapinduka kwa nguvu, pampu inayoendesha vyote viwili haielekei kuwa na kosa. Zichunguzwe silinda za mikono na vali yake. Vyote vikiwa dhaifu, kwanza hutazamwa kiasi cha mafuta na chujio, kisha vali ya kupunguza kanieneo, na mwisho pampu. Mafuta yenye povu yameingiwa na hewa. Yenye rangi ya maziwa yameingiwa na maji.

Kipuri nacho hutambulika kwa namba na vipimo, si kwa jina la mtambo pekee. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, kwa kuwa tarakimu mbili za mwisho, 05, huzidishwa kwa 5. Upana wake wa nje ni milimita 52, na unene milimita 15. Viwanda vingi duniani huitengeneza kwa vipimo hivyohivyo. Sili nyingi pia hupatikana kwa kupima mhimili, tundu na unene.

Kabla ya kazi yoyote, injini izimwe na mikono iliyoinuliwa itegemezwe kwa vyuma vyake. Uvujaji usipapaswe kwa mkono: mafuta yenye kanieneo kubwa hupenya ngozi na huweza kusababisha kukatwa kiungo. Kipande cha kadibodi chatosha kuonyesha mahali panapovuja.