Kuwabakiza Walimu Kazini: Nafasi ya Ratiba Nyumbufu

Makala haya yanafafanua ratiba nyumbufu kama mkakati wa kuwabakiza walimu kazini. Nchini Rwanda, tangu Januari 2023, shule huanza saa 2:30 asubuhi na ofisi saa 3:00. Kati ya saa 2:00 na saa 3:00 mtumishi anaweza kufanyia kazi nyumbani. Mzazi amepata wasaa wa kuwaandaa watoto wake. Mwalimu, ambaye naye ni mzazi, hana budi kuwa shuleni kuwapokea watoto wa wenzake.

Kasoro iko katika kuuona unyumbufu kuwa saa ya kuingia kazini pekee. Vipindi vya kufundisha havihamishiki. Maandalizi na usahihishaji huhamishika. Katika shule za serikali za Uingereza, mwalimu hutengewa muda wa maandalizi na tathmini usiopungua asilimia 10 ya muda wake wa kufundisha, na mwaka 2024 serikali ilibainisha kuwa kazi hiyo yaweza kufanyiwa nyumbani.

Hivyo, tunapendekeza sera zetu zizitenge saa hizo bayana katika ratiba. Bila hivyo, mwalimu mwenye mtoto mchanga atabakiwa na njia mbili tu: kuvumilia au kuondoka.