Mkunazini: kanisa linaloanza kusomwa darini

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumewahi kupanga foleni ya Westminster Abbey, tukalipa kiingilio bila kunung'unika, tukatembea taratibu tukisoma kila kaburi. Kisha tunakuja nyumbani likizo, tunavuka kwenda Unguja, na Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini tunalipa nusu saa. Watoto wanapigwa picha kwenye minyororo, wanashushwa vyumba vya chini, halafu safari ya Forodhani. Hilo linaniuma, kwa sababu kanisa lenyewe halitazamwi.

Tuanze na mwaka 1873. Mwezi wa Juni Sultani Barghash, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yote ya hadhara ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Misheni ya Kianglikana ya UMCA (Universities' Mission to Central Africa), iliyokuwa imehamia Unguja tangu 1864, ikakipata kiwanja kile, na Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Lakini ieleweke kwamba kilichofungwa ni soko. Utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Unguja hadi 1897. Kuta za kanisa zilipanda wakati majumba ya jirani na mashamba ya karafuu yangali na watumwa wake. Watoto wetu wanapaswa kulijua hilo, kwa sababu wengi huondoka pale wakidhani kwamba siku moja kengele ililia na mambo yakaisha.

Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874. Wasomaji wa Kiswahili wana deni la shukrani kwake kwa jambo jingine pia: mwaka 1870 alikwisha kuchapisha kitabu cha kujifunzia lugha hii, pamoja na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Katika miaka hii ya ujenzi akawa anatafsiri Agano Jipya huku akisimama na waashi, akiangalia chokaa na vipimo.

Sasa inua macho utazame dari. Nyumba za Mji Mkongwe zina vyumba virefu lakini vyembamba, na sababu ni boriti. Dari zao hubebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko haufiki mbali: mita tatu hivi, basi. Ndiyo maana hata tajiri wa mtaa wa Shangani alikuwa na ukumbi mwembamba. Steere alitaka ukumbi mmoja mpana wa kuenea umati, na kwa boriti isingewezekana. Akaamua kumwaga zege: saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, ikaumbwa kuwa dari moja ya mviringo, kama pipa lililopasuliwa kwa urefu wake, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Leo zege iko kila kichochoro, lakini kwa Unguja ya wakati ule ulikuwa uthubutu mkubwa. Matumbawe ndiyo hayo hayo ya nyumba za jirani, na mikono ni ya mafundi wa hapa hapa.

Ukishaitazama dari, nenda upande wa magharibi, kwenye kisima cha ubatizo. Nguzo za pale zimesimama kichwa chini: kilichotakiwa kuwa juu kiko chini. Husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo siku ambazo Steere hakuwepo. Hazikubomolewa. Mimi hupenda kuwasimamisha wageni wangu hapo kwa muda, kwa sababu majina ya waashi wale hayakuandikwa ukutani, na ni katika nguzo hizi tu ambapo mtu anaona wazi kwamba palikuwa na mikono.

Mbele, sakafuni karibu na altare, kuna duara la marumaru. Kwa mapokeo, linaonyesha mahali ulipokuwa mti ambapo watumwa walichapwa viboko. Karibu na hapo upo msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Mwili wake ulibebwa na watumishi wake, akina Chuma na Susi na wenzao, hadi Bagamoyo, ukafikishwa London na kuzikwa Westminster Abbey mwezi wa Aprili 1874. Ukiishi Uingereza, basi, umekaa karibu na ncha moja ya safari ile, na kipande cha ncha nyingine kiko Mkunazini. Saa ya mnarani nayo ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, Mwislamu aliyelifunga soko.

Vyumba vya chini ndivyo vinavyowaliza watu. Jengo lililo juu yavyo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaohoji kama kweli watumwa waliwahi kufungiwa humo. Soko lilikuwepo, na mateso yake yameandikwa na walioyashuhudia, kwa hiyo ukweli hauhitaji kutegemea vyumba hivyo. Mimi ningewapa watoto muda zaidi mbele ya sanamu za uwanjani za Clara Sörnäs, za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni. Watazame nyuso, si minyororo tu.

Kanisa hili limefanyiwa ukarabati mkubwa miaka ya karibuni, na unastahili kuungwa mkono, maana matumbawe hunywa maji. Ukuta wake unataka lipu ya chokaa inayouacha upumue. Ukikandikwa saruji, unyevu hunaswa ndani na jiwe huanza kumeguka. Majumba mengi ya Mji Mkongwe yameumizwa hivyo na wenyewe waliodhani wanayatengeneza.

Ukipata nusu siku ya ziada, nenda Mbweni. Huko misheni iliwapa makazi watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na kanisa la Mtakatifu Yohana lingali linasaliwa. Steere alichukua baadhi ya watu wa Mbweni mwaka 1876, akavuka nao bara kuelekea kusini, na safari yao ikaishia kuanzisha kijiji cha Masasi.